Wakora Ndio Walipewa Lango

Leo story ni ya geti.

Mimi ni mkaribishaji kanisani. Ni wale watu wa sashi, wanaosimama mlangoni wakitabasamu mpaka mashavu yanauma, wanakuonyesha kiti, wanapitisha kikapu cha sadaka, wanamtoa nje mtoto anayelia. Nimefanya hiyo kazi tangu nimalize kidato cha nne, hapa hapa Kondele, kwa kanisa ambalo sitalitaja kwa sababu bado naabudu huko na mamangu ako kwaya. Lina mageti mawili. Lile kubwa linaangalia barabara ya Kakamega, ni la magari. Lile dogo liko nyuma, upande wa Manyatta, ni la watu wa miguu na kuku wa majirani.

Miezi michache iliyopita tulipewa maagizo kwenye mkutano wa wakaribishaji. Mgeni mkubwa anakuja Jumapili, kwa hivyo kila mtu awe smati, viti vya mbele viwekwe vitambaa, na "watu wa kuharibu picha" wasiingie. Hakuna aliyeuliza watu wa kuharibu picha ni akina nani. Ukikaa Kondele unajua.

Nikapangwa geti dogo. Kama saa tatu hivi akaja kijana wa rika langu, labda ananishinda mwaka mmoja. Fulana imeraruka begani, patipati za rangi mbili tofauti, mikono ina grisi. Ukimwona tu unajua ni msee wa mkokoteni, ametoka kushusha magunia Kibuye usiku, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya soko kubwa pale na mizigo huanza kufika kabla ya jua. Nikamsimamisha. Nikamwambia kwa ile sauti tamu ya ukaribishaji, "Omera, enda kwanza uoge, urudi wiki ijayo." Akaniangalia. Hakubishana. Akasema tu, "Sawa, nyaminwa," akageuka akaenda.

Nyaminwa ni dada yetu, kwa wale Kijaluo kinawapita.

Saa tano msafara ukafika. Nikaitwa mbio geti kubwa nisaidie kulishikilia, na nikalishikilia kwa mikono miwili, magari meusi yakapita moja baada ya lingine. Hakuna aliyeulizwa ameoga lini. Mheshimiwa akapewa kiti cha mbele, halafu akapewa maikrofoni, akawasema mahasimu wake kwa muda mrefu kuliko mahubiri yenyewe, akaacha bahasha, akaondoka kabla ya baraka ya mwisho.

Jioni, tukikusanya viti, soja wetu akaniita kando. Ni mzee, tunamwita jaduong', na huwa haongei sana. Akaniuliza, "Nyathina, yule kijana wa mkokoteni ni wewe ulimrudisha?" Nikasema ndiyo, tuliambiwa. Akatikisa kichwa. "Huyo huja kila Jumapili saa kumi na mbili, kabla nyinyi hamjaamka. Mimi ndiye humfungulia. Hukaa benchi ya nyuma nusu saa, halafu anarudi kazi. Leo mizigo ilimchelewesha."

Manze. Nilienda nyumbani nikiwa mdogo kama punje ya wimbi.

Usiku huo sikulala vizuri, na mtu akikosa usingizi Kondele ana chaguo mbili, asikilize muziki wa baa za jirani ama asome. Nikatafuta kwenye Biblia ni wapi kazi ya kusimama mlangoni ilitoka. Nilidhani nitapata mstari mmoja. Nilipata sura nzima nzima, na kitu cha kwanza nilichosoma kikanifanya nicheke peke yangu kitandani. Kwenye 1 Mambo ya Nyakati 26, orodha ya zamu za mabawabu wa hekalu inaanza na Wakora.

Unajua mkora ni nani. Kwa Kiswahili chetu cha Kenya ni mwizi, ni tapeli, ni mtu ukimwona unashika mfuko. Kwa ile Biblia ya Union ambayo dana zetu wanayo, Wakora ni ukoo tu, watu wa mzee mmoja Mlawi anayeitwa Kora. Herufi zimegongana, basi. Lakini ukifuata historia ya huyo Kora unaona utani haujaenda mbali sana na ukweli.

Kora alikuwa binamu ya Musa. Ukoo wake ulibeba vyombo vitakatifu jangwani, lakini ukuhani wenyewe ulikuwa wa Haruni na wanawe. Kitabu cha Hesabu sura ya 16 kinasimulia jinsi Kora alivyosimama na Dathani na Abiramu na wakuu 250, wakamwambia Musa na Haruni kwamba wamejikweza, kwamba watu wote ni watakatifu. Ukisoma hotuba yao leo utadhani ni msee ameshika spika pale kwa raundabauti. Iliisha vibaya. Ardhi ikafunguka ikawameza viongozi, moto ukawala wale 250. Kosa lake, kwa lugha ya geti, ni kwamba alitaka kupita mahali ambapo hakuruhusiwa kupita.

Halafu ukifika Hesabu 26 kuna kasentensi kadogo ambako watu wengi hukaruka. Wana wa Kora hawakufa.

Sasa fikiria unazaliwa kwa hiyo familia. Babu yako ndiye mfano mbaya ambao kila mhubiri anautumia. Ukipita watu wananong'ona. Kwetu hapa mtoto wa namna hiyo hata kuajiriwa dukani ni shida, ataulizwa baba yake ni nani. Lakini vitabu vya Nyakati vinasema hao hao Wakora ndio waliopewa kulinda malango ya hema, na baadaye ya hekalu. Familia ya mtu aliyejaribu kuvunja mlango ikapewa mlango iulinde. Na Zaburi ya 84, ile inayosema kwamba kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu ni bora kuliko kukaa kwenye mahema ya waovu, imeandikwa juu kwamba ni ya wana wa Kora. Mimi nilikuwa nimeisikia kwa mazishi mara mia na sikuwahi kujua ni watu wa geti wanaongea kuhusu kazi yao wenyewe.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa gani? Hapa ndipo nilipoona tumepotea.

Kwanza, walifungua. 1 Nyakati 9 inasema mabawabu wakuu wanne walikuwa wakilala kuzunguka nyumba ya Mungu, na kila asubuhi kufungua kulikuwa juu yao. Wenzao walikaa vijijini, wakija mjini kwa zamu ya siku 7 kisha wanarudi shambani. Yaani unakuja kutoka ocha, unalinda wiki moja, unampisha mwenzako. Sura hiyo inahesabu 212 waliochaguliwa kuwa walinzi wa milango. Sura ya 23 inasema Daudi alipowapanga Walawi 38,000, wale wa malango walikuwa 4,000, idadi sawa kabisa na wanamuziki. Hebu niambie kanisa gani unalijua ambapo soja mmoja anahesabiwa sawa na mwanakwaya mmoja.

Pili, walihesabu. Vyombo vya ibada vilitolewa kwa hesabu na kurudishwa kwa hesabu. Vyumba vya hazina vilikuwa chini yao. Wakati wa mfalme Hezekia, bawabu wa lango la mashariki, Kore mwana wa Imna, ndiye aliyesimamia sadaka za hiari na kuzigawa. Wakati wa mfalme Yoashi, hekalu likiwa limechakaa na pesa za ukarabati hazionekani zinaenda wapi (hiyo unaijua), suluhisho lilikuwa sanduku lenye tundu kwenye kifuniko. Walinzi wa mlango, ambao kwa simulizi hiyo walikuwa makuhani, walitia pesa humo. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakahesabu pamoja, pesa zikaenda moja kwa moja kwa maseremala na waashi. Watu wawili kutoka ofisi mbili, sanduku moja mbele ya macho ya wote.

Bahasha ya Jumapili ile mimi sikuiona ikihesabiwa. Siseme kuna aliyeila. Nasema sisi wa mlangoni hatukuihesabu, na zamani hiyo ilikuwa kazi yetu.

Tatu, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi kabisa, lango halikugawiwa kwa ukubwa wa mtu. Walipiga kura. Sura ya 26 inasema walipiga kura kwa kila lango, mdogo sawasawa na mkubwa. Mashariki ikamwangukia Shelemia. Kaskazini ikamwangukia mwanawe Zekaria. Kusini Obed-edomu, na wanawe wakapata ghala. Kila siku mashariki walisimama 6, kaskazini 4, kusini 4, na wengine kwenye ghala na upande wa magharibi. Na huyo Zekaria wa kaskazini anatajwa kwa sifa moja tu, kwamba alikuwa mshauri mwenye akili. Kweli kuna wengine kwenye orodha wanaosifiwa kwa nguvu, sikatai, mlango unahitaji mabega pia. Lakini mtu alikaa akafikiri kwamba lango moja linahitaji mtu wa kushauri. Sisi tunaajiri mtu wa mabega pekee, tunampa miwani ya jua.

Huyo Obed-edomu pia ana story. Kwenye 2 Samweli kuna Obed-edomu anayeitwa Mgiti, na sanduku la agano lilikaa nyumbani kwake miezi 3 wakati kila mtu alikuwa analiogopa. Wasomi wanabishana kama ni yule yule bawabu, na kama Mgiti maana yake ni mtu wa Gathi, mji wa Wafilisti, mji wa Goliathi. Mimi siko darasani kwao. Lakini kama ni yule yule, basi lango la kusini la hekalu lilishikwa na mtu ambaye kijana wa sashi angemwambia arudi wiki ijayo.

Sitaki kuwadanganya ati lango la zamani lilikuwa wazi kwa kila mtu. Halikuwa. 2 Nyakati 23 inasema kuhani Yehoyada aliweka mabawabu ili mtu mwenye unajisi wowote asiingie. Na karne nyingi baadaye, kwa hekalu la Herode, kulikuwa na mawe ya onyo ya kuwazuia wageni kupita ukuta wa ndani, tena kwa hukumu ya kifo. Jiwe moja la aina hiyo lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871, limeandikwa Kigiriki. Kwa hivyo ukija kuniambia "dada, hata Walawi walizuia watu," nitakwambia ndiyo, walizuia. Swali langu ni walizuia nani, na kwa kipimo gani, na kama kipimo kilifika mpaka kwa mkubwa.

Chukua Zaburi ya 15. Wengi wanaoisoma wanaona ni kama maswali na majibu ya mtu anayefika mlangoni kuabudu. Nani anaweza kukaa hapa? Majibu hayataji viatu hata mara moja. Yanataja asiyesengenya kwa ulimi wake, asiyemtendea jirani vibaya, anayeshika kiapo hata kikimuumiza, asiyekopesha kwa riba, asiyepokea rushwa dhidi ya asiye na hatia. Sasa nipe hiyo orodha nisimame nayo geti kubwa, barabara ya Kakamega, saa tano Jumapili. Niulize kila dereva afungue dirisha. Msee wa mkokoteni atapita. Hana hata pesa ya kukopesha kwa riba, yeye ndiye anayekopeshwa. Magari meusi ndiyo yataanza kutafuta nafasi ya kugeuza.

Na kipimo kilifika kwa mkubwa kweli. Mfalme Uzia, mfalme mwenye nguvu, aliyetawala miaka 52, siku moja aliingia hekaluni afukize uvumba mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake. Kuhani Azaria akamfuata na makuhani 80, wakamwambia atoke. Mfalme. Kwa nchi yake. Hiyo ni 2 Nyakati 26. Hao walikuwa makuhani na si mabawabu, lakini unaona nyumba ilikuwa ya aina gani, nyumba ambamo mtu mwenye taji angeweza kuambiwa hapa si mahali pako.

Huku kwetu tumegeuza. Na sisemi hivi kama mtu wa mbali, mimi ni wa Kondele. Tukitajwa kwa habari ni moshi na matairi. Novemba 2021, msafara wa William Ruto, wakati huo akiwa Naibu Rais, ulipigwa mawe hapa hapa. Nchi nzima ikatuita wakora, na hiyo siku hawakumaanisha ukoo. Mimi siungi mkono mawe, jiwe halichagui kichwa. Lakini angalia ajabu yake. Kwa barabara tunajua kumfungia mkubwa njia mpaka kupita kiasi. Kwa kanisa, mkubwa huyo huyo, wa chama chochote, tunamshikilia geti kwa mikono miwili, na tunayemfungia ni jirani yetu wa Manyatta.

Kuna waliojaribu kurekebisha. Septemba 2021 huko Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu wa Anglikana Jackson Ole Sapit alisema mbele ya wanasiasa wakubwa waliokuwa wameketi pale kwamba wanakaribishwa kuabudu kama watu wengine, lakini mimbari si yao. Juni 2024, vijana walipokuwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, wito wa kukalia makanisa ulisambaa kwa sababu hiyo hiyo ya bahasha na maikrofoni. Novemba mwaka huo, Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliamuru pesa ambazo Rais alikuwa ametoa kwa kanisa la Soweto zirudishwe, zaidi ya shilingi milioni 2. Unaweza kusema walichelewa. Mimi naona ni mabawabu wakikumbuka kazi.

Najua kuna mtu atasema geti ni usalama, si siasa. Ni kweli, na hiyo sitaifanyia mzaha. Tarehe 1 Julai 2012, Garissa, wauaji walipovamia kanisa la AIC walianza na polisi wawili waliokuwa wanalinda pale nje, wakawapiga risasi, wakachukua bunduki zao, ndipo wakaingia. Watu zaidi ya 15 walikufa. Tangu wakati huo makanisa mengi Kenya yana mtu wa kukukagua na kile kifaa cha kulia pii pii. Lakini kumbuka kilichofuata. Viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana Waislamu watasaidia kulinda makanisa Garissa. Yaani wakati lango lilikuwa hatari kabisa, waliojitolea kulisimamia ni watu ambao hawaabudu ndani. Hakuna aliyewauliza wamevaa nini.

Dana yangu husema mimi ni mtu wa kupenda kubishana kwa sababu sikulala karibu na rangach. Rangach ni geti la boma la Kijaluo. Wavulana wakikua hujenga simba zao, nyumba zao za ujana, hapo karibu na geti, na wazazi wanakaa ndani mbali. Kisa, anasema, mgeni akija usiku wa kwanza kusikia awe kijana, na adui akija wa kwanza kuamka awe kijana. Hata ukoo kwa Kijaluo ni dhoot, na ukilisikiliza hilo neno unasikia mlango wa nyumba. Kwa hivyo hii kitu ya vijana kulala mlangoni na kufungua asubuhi si ya Yerusalemu peke yake. Tulikuwa nayo. Mimi kama msichana nisingejenga simba, na juu ya hiyo nina maneno mengi, lakini leo niachie.

Kuna hesabu moja nyingine nataka uione. Hekalu lilichomwa na Wababeli kama mwaka 586 KK. Malango yakaenda na moto. Miongo kadhaa baadaye watu walipoanza kurudi kutoka uhamishoni, Ezra sura ya 2 inaorodhesha waliorudi. Walawi wa kawaida, 74. Waimbaji, 128. Mabawabu, 139. Soma tena. Watu 139 walijiandikisha kama walinzi wa mlango ambao ulikuwa majivu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuuona, walizaliwa Babeli, walisimuliwa tu na baba zao kwamba sisi ni watu wa lango. Wakatembea safari ya miezi kurudi kwa kazi ambayo haikuwa na mahali pa kufanyiwa. Vitabu vya Nyakati viliandikwa baada ya hapo, na nadhani ndiyo maana vinawataja mabawabu kwa majina kwa upole kiasi kile. Mwandishi alikuwa anawajua.

Halafu Nehemia anakuja kuharibu hiyo picha nzuri, na nampenda kwa hilo. Sura ya 13, anarudi Yerusalemu baada ya safari, anakuta Walawi na waimbaji wametoroka, kila mtu amerudi shambani kwake. Kwa nini? Hawakuwa wanalipwa. Sehemu zao hazikutolewa. Nehemia hakuwahubiria kuhusu kujitolea. Aliwagombeza viongozi, akawarudisha Walawi mahali pao, watu wakaleta zaka, akaweka watunza ghala waaminifu wa kugawa. Sabato ikakaribia, akafunga malango ya mji, na ni Walawi aliowaambia waje kuyalinda.

Nilipofika hapo nikamkumbuka jaduong'. Nikamuuliza Jumamosi, tukiwa tunafagia, analipwa ngapi. Hakutaka kusema. Nikabembeleza. Akaniambia si ngapi, ni lini. Miezi 2 hakuwa amepata kitu. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameletewa mahema mapya, spika zilikuwa mpya, viti vya mbele vilikuwa na vitambaa. Na mzee anayelala hapo, anayefungua kila asubuhi, anayemjua kwa sura kila anayeingia, anakula kwa majirani.

Kwa hivyo kwa mkutano uliofuata nikaongea. Nilitetemeka, sitajifanya shujaa, sauti ilikuwa kama ya mbuzi. Niliomba mambo yangu matatu. Jaduong' alipwe kabla hatujanunua kitambaa kingine. Mheshimiwa yeyote akija aingie na miguu, akae palipo na nafasi, asipewe maikrofoni, na bahasha yake ifunguliwe na ihesabiwe mbele ya watu wawili wa ofisi tofauti. Na sisi wakaribishaji tupige kura kila mwezi nani anashika geti gani, kwa sababu mpaka sasa watoto wa wazee wa kanisa wanapewa geti kubwa na sisi wengine tunapewa la kuku.

La kwanza lilikubaliwa. Jaduong' alilipwa, si yote, lakini alilipwa. La tatu walicheka kidogo halafu wakasema tutajaribu. La pili liko "kwa kamati," na ukikaa Kenya unajua kamati ni shimo la aina gani.

Kuhusu yule kijana, hajarudi. Nimeenda Kibuye Jumapili mbili alfajiri, nimezunguka kwa mikokoteni mpaka wasee wakaanza kuniuliza kama nimeibiwa. Sijui jina lake. Namjua kwa patipati, moja ya buluu na moja ya kijani, na hizo siku yoyote anaweza kuwa amezibadilisha. Mmoja aliniambia huenda amepata kazi upande wa Ahero. Mwingine akasema kuna wengi kama huyo.

Nimeomba zamu ya alfajiri. Sasa nafika saa kumi na moja na nusu, jaduong' ananipa ufunguo wa geti dogo, tunakunywa chai ya chupa yake tukingoja kupambazuke. Kama wewe ni msee wa mkokoteni na unasoma hii, ama unamjua mmoja wa patipati mbili, geti la upande wa Manyatta linafunguliwa saa kumi na mbili kamili. Benchi ya nyuma iko wazi. Njoo na grisi yako.